Riwaya imekamilika: wakala wa London au mhariri wa Dar es Salaam?

Waandishi wengi wa Kanda ya Ziwa wakishamaliza riwaya hujikuta njia panda. Nitafute wakala Uingereza au Marekani, au niupeleke mswada moja kwa moja kwa mchapishaji wa Dar es Salaam? Wengi, kwa kutaka kuokoa muda, huandaa kifurushi kimoja na kukituma pande zote mbili. Hapo ndipo miswada mizuri inapopotelea. Huwa nasoma miswada ya waandishi wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe na Musoma kabla hawajaituma, na mara nyingi hadithi yenyewe haina shida kubwa. Shida iko kwenye zile kurasa chache za juu zilizoandikwa usiku mmoja, kwa imani kwamba mhariri atazipita aende sura ya kwanza. Hazipiti. Anaanzia hapo, na mara nyingi anaishia hapo.

Nitaziweka njia hizi mbili bega kwa bega, na sitaficha ninayoipendelea.

Aliye upande wa pili

Wakala hachapishi kitabu. Anausoma mswada wako, akiupenda mnasaini mkataba, anakusaidia kuupiga msasa, kisha anaupeleka kwa wahariri anaowajua kwa majina na kwa ladha zao. Mashirika makubwa ya uchapishaji kama Penguin Random House, HarperCollins na Hachette kwa sehemu kubwa hayapokei riwaya ya mtu asiye na wakala, kwa hiyo huyu ndiye mshika funguo. Ujira wake ni kamisheni. Kwa kawaida ni asilimia 15 ya mapato ya soko la nchini kwake na asilimia 20 kwa haki zinazouzwa nje, tafsiri zikiwemo. Wakala wa kweli hadai ada ya kusoma wala ya kujiandikisha. Kitabu kisipouzika, naye hapati kitu.

Kwetu Tanzania hakuna utamaduni wa mawakala. Unaandika wewe, unapeleka wewe. Kuna mashirika kama Mkuki na Nyota, lililoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuliongoza Tanzania Publishing House, na mengine ambayo riwaya ni sehemu ndogo tu ya vitabu vyao, kwa sababu kinachowapa mkate ni vitabu vya shule. Mhariri akiona mswada una uhai, kwa kawaida huupeleka kwa msomaji wa nje, mara nyingi mwalimu au mhadhiri wa fasihi, ambaye huandika ripoti. Kwa hiyo mswada wako unahukumiwa na watu wawili wenye macho tofauti. Mmoja anauliza kama kitabu kitanunuliwa, mwingine anauliza kama lugha, dhamira na wahusika vimekaa sawa.

Neno moja kwa walio Mwanza hapa hapa. Mjini kuna wapiga chapa wengi, na kazi yao ni ya heshima, lakini mpiga chapa si mchapishaji. Mpiga chapa unamlipa wewe, anakukabidhi maboksi ya vitabu, na kuuza ni juu yako. Mchapishaji anatia fedha yake, anahariri, anasambaza na anakulipa wewe. Mtu akikuambia riwaya yako imekubaliwa halafu akafuatisha namba ya kutuma pesa, huyo amekuuzia huduma ya kupiga chapa, hata kama barua yake ina muhuri.

Lugha ndiyo inayoamua nusu ya kesi

Mawakala wa London na New York husoma Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili ukiwatumia kama ilivyo, haitasomwa. Kwa hiyo kabla hujalinganisha mirabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, na umaarufu, jiulize mswada umezaliwa kwa lugha gani.

Kama umeuandika kwa Kiingereza na kinasimama vizuri bila kukopeshwa na mtu, njia ya wakala iko wazi kwako sawa na kwa mwandishi yeyote duniani. Kama umeuandika kwa Kiswahili, nakusihi usiutafsiri mwenyewe haraka haraka ili tu umfikie wakala. Nimeona miswada iliyokuwa inapumua kwa Kiswahili ikafika kwenye Kiingereza ikiwa imekakamaa, mazungumzo ya wavuvi yamekuwa ya wanasheria. Wakala hatajua uzuri uliopotea njiani. Atakiona kilichobaki tu.

Mfano ninaoupenda uko ng'ambo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ndefu ya Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuichapa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Baadaye ilitoka kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe. Miaka 35 ya kungoja inauma, na simtakii mwandishi yeyote. Lakini tazama mpangilio. Kwanza mswada ulikamilika katika lugha ambayo mwandishi aliimudu hadi kwenye mifupa, kisha ukaingia Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na lugha za mbali zikaja baadaye kwa mikono ya wengine. Mwandishi wa Kiswahili akichapishwa vizuri hapa, amejiwekea msingi ambao mfasiri mzuri anaweza kuujenga juu.

Kifurushi chenyewe

Hapa ndipo pa kukaa kitako, maana tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Wakala wa Uingereza kwa kawaida huomba vitu vitatu: barua, muhtasari wa ukurasa mmoja, na sura tatu za mwanzo au maneno kama 10,000. Wa Marekani huanza na barua peke yake, au barua na kurasa tano hadi kumi za mwanzo zilizobandikwa ndani ya baruapepe, kwa kuwa wengi hawafungui kiambatisho cha mtu wasiyemjua. Mhariri wa hapa mara nyingi hutaka mswada mzima, na wengine bado wanataka nakala ya karatasi pamoja na faili. Pande zote mbili riwaya lazima iwe imekamilika. Usimwandikie mtu kwamba sura tano za mwisho ziko njiani.

Tuanze na barua. Tuseme una riwaya kuhusu mwanamke anayeuza dagaa mwalo wa Kirumba. Barua ya kwenda Dar es Salaam inakuwa na sura tunayoifahamu sote: anwani yako na namba ya simu juu kulia, anwani yao kushoto, "Ndugu Mhariri", kisha "YAH: KUWASILISHA MSWADA WA RIWAYA". Aya ya kwanza inataja jina la mswada, idadi ya maneno na walengwa. Ya pili inasimulia hadithi kwa sentensi tatu au nne. Ya tatu inakueleza wewe: unaishi wapi, umewahi kuchapisha nini, kwa nini unaijua dunia hii ya dagaa. Unamaliza kwa kuthibitisha kwamba kazi ni yako na haijachapwa kokote. Adabu ya barua rasmi haimchoshi mhariri wa hapa. Inamwonyesha mtu makini.

Barua ya wakala haina "Yah" wala salamu ndefu. Inaingia kwenye hadithi moja kwa moja, na yote haizidi ukurasa mmoja, maneno kama 300. Ina mambo mawili ambayo barua ya Dar haina. La kwanza, kwa nini umemchagua wakala huyu na si mwingine: ana mwandishi fulani unayemsoma, au amesema hadharani anatafuta riwaya za aina yako. La pili, vitabu viwili vya miaka ya karibuni ambavyo msomaji wake angependa pia chako. Waandishi wetu hulikwepa hili la pili kwa unyenyekevu, au hutaja vitabu vya miaka ya sitini walivyosoma sekondari. Wakala anachouliza ni rahisi tu: kitabu hiki kitapangwa rafu gani dukani? Kama huwezi kutaja kitabu kimoja kipya kilicho jirani na chako, bado hujalisoma soko unalolibishia hodi, na ni vizuri usome kwanza.

Sasa muhtasari, ambao kwa maoni yangu ndio unaoangusha wengi. Hivi ndivyo unavyonifikia mara nyingi:

"Riwaya hii inahusu maisha magumu ya wavuvi na wachuuzi wa Ziwa Victoria. Inagusia mapenzi, usaliti, uongozi mbaya na umuhimu wa elimu. Msomaji atajifunza mengi na mwisho wake unasisimua."

Hakuna mtu humo. Hakuna anayetaka kitu na kukikosa. Huu ni uchambuzi wa mtihani wa kidato cha nne, umeandikwa na mwenye riwaya mwenyewe. Linganisha na huu:

"Nyamizi, miaka 34, anauza dagaa mwalo wa Kirumba na ndiye mtunza hazina wa kikoba cha akina mama. Wiki mbili kabla ya kuvunja kikoba anachukua fedha za wenzake na kumnunulia mdogo wake, Masalu, injini ya mtumbwi, akiamini itarudisha fedha hizo kabla ya siku ya mgao. Mtumbwi unakutwa unaelea karibu na Ukerewe. Masalu hayupo, injini haipo. Mtaa mzima unamlilia Masalu, na wanakikoba wanasitisha madai kwa huruma. Katikati ya msiba Nyamizi anapata habari kwamba mdogo wake yu hai kisiwani Kome na injini ameiuza. Akisema ukweli, anamfunga mdogo wake. Akinyamaza, rambirambi za wanawake aliowaibia zitaendelea kuingia mkononi mwake. Siku ya arobaini anasimama mbele ya waombolezaji na kumtaja."

Umeona kuna nini? Jina, umri, kazi, kosa, sababu ya kosa, na kila tukio linazaa lingine. Na mwisho umetajwa. Waandishi huogopa kutoa mwisho wakidhani wanaharibu utamu, lakini mhariri na wakala hawasomi muhtasari kwa ajili ya utamu. Wanataka kujua kama unajua kuifunga hadithi. Pande zote mbili hapa zinakubaliana, kwa hiyo muhtasari mmoja mzuri unaweza kuutumia kotekote. Wa wakala uwe ukurasa mmoja. Wa hapa unaweza kufika kurasa mbili, na chini yake unaweza kuongeza aya fupi ya dhamira na walengwa, kwa kuwa msomaji wa nje atazitafuta. Kwa wakala, aya hiyo iondoe kabisa.

Sura za mwanzo nazo zina hesabu tofauti. Wakala anasoma kurasa chache na kuamua. Kama riwaya yako inaanza na historia ya ukoo kwa kurasa ishirini, hatafika Nyamizi alipo. Mhariri wa hapa ana mswada mzima mezani na uvumilivu zaidi wa mwanzo wa taratibu, maana fasihi yetu imezoea msimulizi anayepanga mkeka kwanza. Sikushauri uikate riwaya yako kwa ajili ya mtu wa mbali. Ila kama unakwenda kwa wakala, hakikisha jambo limetokea kabla ya ukurasa wa kumi.

Kuhusu sura ya karatasi, sina mengi. Times New Roman saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5, namba kila ukurasa, jina lako na la riwaya juu ya kila ukurasa. Usiweke picha, usijichoree jalada, usitumie mwandiko wa mapambo wa steshenari. Kwa urefu, mawakala huona riwaya ya kwanza ya watu wazima inakaa vizuri kati ya maneno 80,000 na 100,000. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo mswada wa Kiswahili wa maneno 60,000 si kitabu chembamba, na usiunyooshe kwa nguvu.

Kusubiri, na woga wa kuibiwa

Mawakala wengi hutaja wiki 6 hadi 12, na baadhi huandika kabisa kwamba ukimya ni jibu la hapana. Unaruhusiwa kuwaandikia kadhaa kwa wakati mmoja, mradi kila barua iwe yake. Mmoja akikukubali, wajulishe wengine kabla hujasaini. Kwa wachapishaji wa hapa, kusubiri miezi mitatu hadi sita si ajabu, na kupiga simu kwa heshima baada ya muda huo kunakubalika. Kwa wakala wa London simu ni kosa. Ukituma kwa wachapishaji wawili wa hapa kwa pamoja, waambie wote wawili. Ni mji mmoja, wahariri wanafahamiana.

Woga wa kuibiwa hadithi nauelewa, lakini usikuzuie kutuma. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakupa ushahidi ulioandikwa, na naona ni busara kufanya hivyo kabla mswada haujatoka mkononi. Ila usiandike vitisho vya kisheria kwenye ukurasa wa kwanza. Vinamfanya mhariri aone kesi kabla hajaona riwaya.

Fedha

Uingereza mrabaha wa kawaida ni kama asilimia 10 kwa jalada gumu, asilimia 7.5 kwa jalada laini na asilimia 25 ya mapato halisi kwa kitabu cha kielektroniki, na hutanguliwa na malipo ya awali yanayotolewa kwa awamu, ambayo baadaye hufidiwa na mrabaha huo. Toa hapo kamisheni ya wakala. Kwa Marekani ongeza kodi ya zuio ya asilimia 30, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo.

Hapa nyumbani mrabaha mara nyingi huzunguka asilimia 10, na malipo ya awali ni nadra. Kinachofichika ni asilimia 10 ya nini. Kitabu kikiuzwa Sh 15,000 na mrabaha ukahesabiwa kwa bei ya jalada, unapata Sh 1,500 kwa nakala. Ukihesabiwa kwa kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata, tuseme, asilimia 40, unapata Sh 900. Uliza kabla ya kusaini, na uliza pia taarifa ya mauzo utaipata mara ngapi kwa mwaka.

Kwa mwenye mswada wa Kiswahili kuna mlango wa tatu, nao hauhitaji wakala wala kusubiri bajeti ya mchapishaji. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza wa riwaya alipata Sh milioni 10. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Soma masharti neno kwa neno. Tuzo nyingi hutaka jina lako lisionekane ndani ya mswada, na kazi iliyokwisha kutoka yote mtandaoni inaweza kukukosesha nafasi. Nazipenda tuzo hizi kwa sababu zina tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho humfanya mtu amalize.

Ningemshauri nani nini

Uliyeandika kwa Kiswahili, nenda kwa mhariri wa nyumbani au kwenye tuzo, na usihisi umechukua nafasi ya pili. Wasomaji wa Nyamizi wako Kirumba, Igoma na Nansio, wana haki ya kumsoma kwanza. Uliyeandika kwa Kiingereza na ukawa na subira ya kupokea hapana nyingi, jaribu mawakala, lakini andaa orodha fupi ya waliochaguliwa kwa makini badala ya kumwaga barua mia. Aliyeandika riwaya ya vijana inayoweza kuingia shuleni hana haja ya London hata kidogo. Soko lake liko hapa, na mhariri wa hapa anajua lugha na mambo gani yatapita kwa wakaguzi. Na mwenye riwaya nzito ya watu wazima, yenye mambo ambayo shule haitayapokea, aulize mapema kama shirika lina nafasi ya vitabu vya namna hiyo, asije akaombwa kukata sura iliyobeba moyo wa kitabu.

Kuchagua Dar es Salaam hakukufungii London, kwa sharti moja. Mikataba mingine ya hapa huandikwa "haki zote, kwa lugha zote, kwa muda wote wa hakimiliki". Kabla ya kusaini, omba iandikwe kwamba mchapishaji anachukua haki ya Kiswahili kwa chapa na kwa kielektroniki, na haki za tafsiri na filamu zinabaki kwako. Omba pia kifungu kinachosema kitabu kikiadimika madukani kwa miaka miwili bila kuchapwa tena, haki zinarudi kwako. Mhariri muungwana hatakasirika. Ataandika upya kifungu hicho, mtaweka sahihi, na mfasiri akitokea miaka mitano baadaye na wakala wake, mwenye kujibu barua hiyo utakuwa wewe.